Siku Deira Ilipofungwa

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Dubai kufuata mzigo haendi Dubai ya kwenye matangazo ya ndege. Burj Khalifa ataiona kwa mbali, kwenye dirisha la teksi. Safari yake ni Deira: Naif, Al Sabkha, Murshid Bazaar, na uwanja wa Baniyas ambao wazee wa biashara bado wanauita Nasser Square. Huko ndiko ziliko hoteli za bei ya kubebeka, maduka ya jumla ya simu na vipodozi, na vichochoro vyenye ofisi za kago ambamo utapimiwa kilo zako kwa Kiswahili. Ukishuka mpaka majini unafika Khor, ambayo sisi huku tunaiita hori, neno lilelile lililosafiri na majahazi. Na pale hori inapokunja, nchi imechomoza kidogo ndani ya maji, pakaitwa Al Ras. Hapo pia hatuhitaji mkalimani: ni rasi.

Al Ras ni Dubai ya kabla ya Dubai. Shule ya Al Ahmadiya, kongwe kuliko zote mjini, ilianzishwa hapo mwaka 1912, enzi za biashara ya lulu. Soko la Viungo na Soko la Dhahabu yako hatua chache. Matajiri wa zamani walikwishahama. Mtaa ukabaki na maghala, maduka, na majengo ambayo nyumba zake zimegawanywa vyumba, na vyumba vimegawanywa vitanda. Kitanda ndicho kipimo cha upangaji huko. Mtu hapangi chumba, anapanga kitanda, cha juu au cha chini. Watu wanane chumba kimoja si habari, na wote wanapokezana jiko moja na choo kimoja.

Jumanne, tarehe 31 Machi 2020, Kamati Kuu ya Dubai ya kukabili majanga, chini ya Sheikh Mansour bin Mohammed, ilitangaza kwamba Al Ras imefungwa kwa wiki mbili. Vizuizi vikawekwa kwenye njia za kuingilia. Treni za Metro, Mstari wa Kijani, zikawa zinapita stesheni za Al Ras, Palm Deira na Baniyas Square bila kusimama. Aliye ndani abaki ndani, aliye nje asiingie, na mahitaji ya lazima serikali itawaletea.

Hayo maneno ya mwisho yashike. Tutayarudia.

Ugonjwa wenyewe, korona, ulikuwa umebisha hodi miezi miwili nyuma. Tarehe 29 Januari Umoja wa Falme za Kiarabu ulitangaza wagonjwa wake wa kwanza, familia moja iliyotoka Wuhan. Februari ikapita hivihivi, ndege zinatua, maduka yamejaa. Machi ndiyo ikaja na haraka zake. Shule zilifungwa kuanzia tarehe 8. Tarehe 16 swala za jamaa zikasimamishwa misikitini, na waadhini wakaongeza maneno ambayo wengi wetu tulikuwa tukiyasikia kwenye darsa tu, ya kuwaambia watu waswali majumbani mwao. Tarehe 19 hata wenye vibali vya ukaazi waliokuwa nje ya nchi wakazuiwa kurudi. Tarehe 20 vikatangazwa vifo viwili vya kwanza. Tarehe 25 ndege za abiria zikasimama, na Dubai isiyo na ndege ni kama Kariakoo isiyo na mikokoteni.

Katikati ya hayo Sheikh Mohamed bin Zayed wa Abu Dhabi alitamka maneno matatu ya Kiarabu cha nyumbani, "la tshiloun hamm", yaani msijitwike wasiwasi, yakabandikwa kila mahali. Ikazunguka pia kauli ya mtawala wa Dubai, Sheikh Mohammed bin Rashid, kwamba kila mtu anawajibika kwa kila mtu. Ni kauli nzuri. Nayo, kama bidhaa yoyote ya Deira, haikukawia kuwekewa bei.

Bei ilitoka Alhamisi, tarehe 26 Machi. Siku hiyo ilianza programu ya taifa ya kutakasa miji: kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi magari yapite yakinyunyiza dawa barabarani, na watu wasitoke. Tazama ufundi wa jina. Nairobi walitangaza kafyu na wakaiita kafyu. Dubai iliitwa usafi, na ni kweli magari ya dawa yalipita. Sambamba na hilo Mwanasheria Mkuu, Hamad Saif Al Shamsi, akatoa orodha ya faini. Kuvunja karantini ya nyumbani, dirhamu 50,000. Kufungua duka au ukumbi ulioamriwa ufungwe, 50,000. Kuita watu kwenye hafla, 10,000 kwa mwenyeji na 5,000 kwa kila mgeni. Kutoka nyumbani bila haja ya lazima, 2,000. Kupakia zaidi ya watu watatu garini, 1,000. Ukirudia, faini mara mbili, na mara ya tatu unakutana na waendesha mashtaka.

Nimeisoma orodha ile mara nyingi, na kila mara nakwama kwenye zile 2,000. Kwa bei ya wakati ule ni kama shilingi milioni 1 na robo za Tanzania. Kwa meneja anayeishi jumba la Jumeirah, hiyo ni kero ya jioni moja. Kwa kibarua wa ghala la Al Ras ni mshahara wa mwezi, pengine na zaidi. Na meneja ana bustani ya kunyooshea miguu, ilhali kibarua, hata akitii amri yote, amelala hatua moja kutoka kwa mwenzake anayekohoa. Sheria iliwaandikia wote wawili wajibu mmoja wa kukaa mbali na watu, kana kwamba wote wamepewa nafasi ya kukaa mbali.

Askari wenye virungu hawakuhitajika kila kona. Dubai ilikwishajiwekea kamera na rada za barabarani miaka mingi kabla ya korona, na polisi wakatangaza kwamba rada zilezile za kunasa mwendo kasi zitawanasa wanaotembea saa za zuio. Usiku wa kwanza mwanga ukawamulika hata wauguzi na wapeleka chakula waliokuwa na ruhusa. Watu wakaingiwa na hofu, na polisi wakalazimika kuwatuliza: aliyekuwa na sababu ataonyesha uthibitisho wake, na faini itafutwa. Sauti ya askari unaweza kuiomba radhi papo hapo. Rada haina masikio. Unatozwa kwanza, ndipo unajieleza.

Jumamosi ya tarehe 4 Aprili, saa mbili usiku, zuio likawa la saa 24. Nchi nzima ilikuwa na wagonjwa wapatao 1,500. Metro na tramu zikasimama kabisa. Mabasi yakawa bure na teksi nusu bei kwa wale waliolazimika kwenda kazini. Anayetaka kutoka alijaza fomu kwenye tovuti ya serikali: jina, namba ya kitambulisho, anakwenda wapi, kwa sababu gani, saa ngapi. Chakula, dawa, hospitali, benki. Mtu mmoja tu kwa kila nyumba. Katikati ya mwezi masharti yakakazwa zaidi, kibali cha sokoni kikawa mara moja kwa siku tatu, na cha kutoa fedha mara moja kwa siku tano. Mtu aliyezoea kushuka kwa kandambili kununua mkate kwa Mmalabari wa chini ya ghorofa sasa anaiandikia serikali barua ya mkate. Hata mahakama zilisimamisha kufungisha ndoa na kutoa talaka, kwa hiyo wanandoa waliofungiwa chumba kimoja mchana na usiku walikatazwa kugombana mpaka mwisho.

Barakoa nazo zikawa lazima. Hapa naomba kupumua kidogo, maana neno hili ni letu na lao. Barakoa kwa bibi zetu wa Unguja wenye asili ya Oman ilikuwa ile burqa ya kufunika paji na pua, yenye nakshi, iliyovaliwa na mabibi wa heshima. Na Deira hiyohiyo bado utawaona bibi wa Kiimarati wameivaa. Mwaka 2020 neno likahamia kwenye kitambaa cha hospitali. Asiyekivaa, dirhamu 1,000. Ilipofika Mei zikawa 3,000.

Kuna siku katika historia hii ambayo Dubai na Afrika Mashariki ziligusana. Jumamosi ya tarehe 21 Machi Uganda ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza, mwanamume wa miaka 36 aliyetua Entebbe kwa ndege ya Ethiopia akitokea Dubai, alikokwenda siku chache tu kwa shughuli za biashara. Serikali ya Kampala ilikuwa na orodha ya nchi za hatari ambazo wasafiri wake walitakiwa kukaa karantini. Orodha ilizitazama China na Ulaya, na Dubai wakaisahau. Waliofuata kupatikana na virusi siku zile wengi wao walitoka hukohuko, wachuuzi wa mzigo wa Deira. Ikabidi waombwe kwa redio wajitokeze wenyewe, na wapo waliojitokeza, na wapo waliozima simu. Unapowakuta watu wanazima simu, jua wamekwishapiga hesabu ya nini kitawapata wakisema kweli.

Turudi Al Ras, kwenye ile ahadi ya chakula.

Mtaa uliofungwa unakula. Mtu wa kitanda cha juu hana friji ya kuweka akiba ya wiki mbili, na jiko lake ni la zamu. Wengi wao hula kwenye mikahawa midogo kwa kadi ya mwezi, na mikahawa ilikuwa imefungwa au imepungua. Kwa hiyo katika siku zile za mwanzo, kilichowaweka watu ndani kilikuwa faini na pia sahani. Idara za serikali zilileta, na waliotembea ngazi kwa ngazi wakigawa walikuwa kwa sehemu kubwa watu wa kujitolea, hasa Wahindi wa Kerala, kupitia chama chao cha KMCC, ambacho kina mizizi Naif na Deira miaka nenda rudi. Walijua jengo gani lina vyumba vingapi na chumba kipi kina watu waliofichwa kwenye mkataba. Walijua nani ana kisukari. Walitafsiri kwa Kimalayalam, Kihindi na Kibengali maagizo yaliyotolewa kwa Kiarabu na Kiingereza. Waliwashawishi wenye dalili wakubali kupimwa, kazi ambayo faini haiwezi, maana mgonjwa anayeogopa kufukuzwa kazi hujificha hata kwa 50,000. Waliokutwa na virusi walihamishiwa kwenye majengo mapya ya Al Warsan yaliyogeuzwa karantini, na Kituo cha Biashara cha Dunia cha Dubai kikapangwa kuwa hospitali ya muda ya vitanda 3,000.

Waafrika Mashariki hawakuwa na chombo cha ukubwa ule. Walikuwa na balozi zao, vikundi vya watu wa mji mmoja, na makundi ya WhatsApp ambamo mtu alitangaza kwamba fulani wa Naif hajala tangu jana, na mwingine akajibu atatuma unga kesho akipata kibali.

Lakini hata huo wema ulikuwa na mipaka ya kisheria. Dubai ina amri ya mwaka 2015 inayokataza kuchangisha fedha au sadaka bila idhini. Kwa hiyo mtu wa kujitolea alikuwa na kitambulisho, fulana na ruhusa ya kutembea, na nyuma yake kulikuwa na idara iliyomsajili. Kampeni kubwa ya Ramadhani, ya milo milioni 10, iliongozwa kutoka ikulu, na Sheikha Hind bint Maktoum, mke wa mtawala, ndiye aliyekuwa juu yake. Ikaishia na milo zaidi ya milioni 15. Watu walitoa kwa wingi. Walitoa kupitia mlango uliofunguliwa na serikali.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha jambo zima. Tunapenda kubishana kama watu walitii kwa sababu ya wajibu au kwa sababu ya kuogopa. Swali linaloniwasha mimi ni nani anaruhusiwa kubeba wajibu. Serikali ya Dubai ilitaka watu wawajibike, ila kwa leseni. Ilikuwa na fedha za kuufanya mpango huo utembee, na mara nyingi ulitembea.

Serikali zetu zilitaka vilevile bila hizo fedha. Tarehe 27 Machi, siku ya kwanza ya kafyu Kenya, watu waliokuwa wakikimbilia feri ya Likoni, Mombasa, warudi makwao kabla ya saa moja jioni, walipigwa mabomu ya machozi na virungu, wakalazwa chini wakiwa wamebanana. Askari waliotumwa kuzuia msongamano waliutengeneza. Siku chache baadaye mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya kwao Kiamaiko, Nairobi, na hadi mwanzoni mwa Juni mamlaka ya kuchunguza polisi, IPOA, ilitaja vifo 15 vilivyohusishwa na polisi tangu kafyu ianze. Uganda, Rais Museveni alikataza wanasiasa kugawa chakula wenyewe, kwa hoja ya kukusanya watu. Mbunge Francis Zaake wa Mityana akagawa. Tarehe 19 Aprili akakamatwa nyumbani kwake, na akatoka korokoroni akisema ameteswa. Huo mchele wa Zaake na wali wa KMCC ulitoka kwenye gunia la aina moja. Tofauti ilikuwa kibali.

Tanzania ilikwenda njia ya peke yake, ya Rais Magufuli: hakuna kufungia watu, misikiti na makanisa wazi, siku tatu za maombi mwezi Aprili, nyungu za kujifukiza, na mwisho wa Aprili takwimu zikanyamaza kwenye wagonjwa 509. Wajibu wote uliachiwa mwananchi, bila kumpa hesabu ya kumsaidia kuamua. Sitasema mengi hapa, wahusika wengine wamelala makaburini.

Dubai nayo ilikuwa na upande ambao magari ya dawa hayakuufikia. Tarehe ileile 26 Machi Wizara ya Rasilimali Watu ilitoa azimio namba 279 lililowaruhusu waajiri wa sekta binafsi, kwa makubaliano na wafanyakazi wasio raia, kuwapa likizo isiyo na malipo au kupunguza mishahara. Makubaliano, ndiyo. Lakini kati ya mwenye viza na mwenye kampuni, mtu anajua kalamu iko mkononi mwa nani. Kwa kibarua likawa jambo la ajabu: anaamriwa akae ndani kwa faida ya wote, na gharama ya kukaa ndani inatoka mfukoni mwake. Kodi ya kitanda haikuwa likizoni. Waliokosa kazi hawakuweza hata kurudi kwao, kwa kuwa mbingu zilikuwa zimefungwa pande zote mbili. Kenya ilifungua safari za kimataifa tarehe 1 Agosti, na Entebbe ikangoja hadi tarehe 1 Oktoba. Kwa upande wa viza serikali ililegeza: zilizokwisha baada ya tarehe 1 Machi zikahesabiwa hai, na waliozidisha muda kabla ya hapo wakaruhusiwa kuondoka bila faini. Lilikuwa jambo la utu, na lilikuwa pia la akili, maana mtu asiye na karatasi hajitokezi kupimwa.

Ramadhani iliingia Ijumaa, tarehe 24 Aprili, na zuio la saa 24 likalegezwa siku hiyohiyo: kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi tu. Maduka makubwa yakafunguliwa saa sita mchana kwa wateja wachache. Jumapili Metro ikarudi, na siku zilezile vizuizi vya Al Ras, na vya Naif iliyofungwa pia, vikaondolewa, serikali ikisema siku mbili zimepita bila mgonjwa mpya humo. Wiki mbili zilizotangazwa zilikuwa zimekaribia nne. Nchi nzima ilimaliza mwezi na wagonjwa zaidi ya 12,000, kwa hiyo mtaa uliotajwa kama chimbuko la hatari ulifunguliwa wakati hatari imekwishatawanyika kwingine.

Tarehe 24 Juni ikatangazwa kwamba utakasaji wa taifa umekamilika, watu watembee saa zote. Tarehe 7 Julai watalii wakakaribishwa. Kilichobaki ni faini, na jicho. Kwenye programu ya simu ya Polisi wa Dubai kuna huduma inayoitwa "Sisi sote ni polisi", ya mwananchi kuripoti makosa, na sasa ikahimizwa kwa makosa ya korona. Hivyo ndivyo ile kauli ya kila mtu kuwajibika kwa kila mtu ilivyotafsiriwa kwa lugha ya simu: jirani akamtazama jirani. Septemba mwanamke mmoja aliyefanya sherehe nyumbani kwake na bendi akatozwa 10,000, wageni 5,000 kila mmoja, sawasawa na orodha. Desemba na Januari hoteli zikajaa Wazungu waliokimbia baridi na masharti ya kwao, wagonjwa wakaongezeka, na Februari 2021 baa zikafungwa. Hakuna aliyeweka vizuizi kuizunguka mitaa ya hoteli.

Misikiti ilifunguliwa tarehe 1 Julai kwa swala tano, sehemu 30 kwa 100 ya nafasi. Ijumaa ikangoja hadi tarehe 4 Desemba. Waumini walitia udhu nyumbani, wakafika muda mfupi kabla ya hotuba, kila mmoja akasimama juu ya alama iliyochorwa chini, mbali na mwenzake. Mkono mmoja umeshika msala aliokuja nao mwenyewe. Mwingine umeshika simu, yenye programu ya korona, Al Hosn, ndani yake.